WAYA JUU, BOMBA CHINI, MWANANCHI KATIKATI

Ndugu msomaji, leo tunataka kuzungumza na wewe kijana uliyeko mjini. Wewe unayesoma gazeti hili umesimama mbele ya meza ya muuza magazeti pale Ngamiani, au umeliazima kijiweni Manzese kwa sharti la kulirudisha kabla halijakunjamana. Unadhani habari ya nguzo za umeme na mabomba ya mafuta haikuhusu kwa kuwa huna nguzo wala huna bomba. Unajidanganya. Inakuhusu kwa sababu kule nyumbani kuna shamba, na shamba hilo ndilo urithi wako pekee. Leo hii, wakati wewe unahangaika na vibarua, kuna mtu anampelekea baba yako karatasi ili atie dole gumba.

Mwandishi wa tahariri hii alikuwa Ushongo. Ushongo ni kijiji cha pwani, ng'ambo ya mto Pangani. Mbele yake kuna bahari na fungu la Maziwe, nyuma yake kuna minazi. Watalii wanaijua kwa mchanga wake. Sisi tunaijua kwa wavuvi na wakwezi wake, watu wasiokuwa na makuu.

Hapo Ushongo tulikaa na mzee mmoja chini ya mkungu. Shamba lake kubwa haliko kijijini hapo. Liko upande wa Muheza, alirithi kwa wajomba zake. Akatueleza kwamba walikuja watu wenye vizibao vya kung'aa, wakapima, wakapiga picha minazi, wakamwambia hapo patapita nguzo kubwa za umeme, asipande kitu tena. Akanyamaza. Baada ya muda wakaja wengine, na vizibao vya rangi nyingine. Nao wakapima, wakamwambia hapo patapita kitu kingine, asichimbe wala asijenge. Kila kundi lilimwachia karatasi yake. Alipouliza kuhusu ile sehemu ambayo vipimo viwili vimepandana, kundi la kwanza likamwambia aulize la pili, na la pili likamwambia aulize la kwanza.

Hatutaji mradi wala kampuni, maana mzee mwenyewe ametuomba tusimtafutie balaa. Lakini swali lake tunalileta kwako kama alivyotuuliza: "Mjukuu wangu, ardhi yangu ni moja. Hawa mabwana wameshaigawana wao kwa wao, mbona mimi sijapewa hata shilingi?"

Tulishindwa kumjibu. Tahariri hii ni jaribio la kulitafuta jibu hilo.

MISTARI MIWILI, RAMANI MOJA

Tuanze na yale yanayojulikana. Mei 2017 marais John Magufuli wa Tanzania na Yoweri Museveni wa Uganda walitia saini makubaliano ya kujenga bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Agosti mwaka huo huo wakaweka jiwe la msingi pale Chongoleani, ngoma zikapigwa. Bomba lina urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo kilomita 1,147 ziko katika ardhi yetu. Linapita mikoa minane: Kagera, Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, Manyara na Tanga. Mkuza wake, yaani ule ukanda unaotwaliwa kwa ajili ya bomba, una upana wa mita 30. Wenye hisa ni TotalEnergies ya Ufaransa yenye asilimia 62, kampuni ya mafuta ya taifa ya Uganda asilimia 15, TPDC yetu asilimia 15 na CNOOC ya China asilimia 8.

Sasa njoo upande wa umeme. Tanga ni mkoa wa umeme tangu zamani. Mitambo ya Hale, juu ya mto Pangani, ilianza kazi 1964 ikiwa na uwezo wa megawati 21. Ile mipya ya Pangani Falls ilikamilika 1995, megawati 68. Kutoka Hale kuna njia ya msongo mkubwa inayokwenda mpaka Tanga mjini. Tangu 2010 Pemba nayo inapata umeme kutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Na mambo hayajaishia hapo. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limefikisha mashine zote tisa mwaka 2025, megawati 2,115. Umeme wote huo hauwezi kukaa Rufiji. Unatafuta njia ya kusafiria, na njia hiyo ni nguzo mpya, nyaya mpya, mikuza mipya.

Chukua ramani ya mkoa wa Tanga uchore mistari hiyo miwili. Bomba linatoka Kilindi na Handeni, linapita Korogwe na Muheza, linaishia Tanga. Umeme unatoka Hale, iliyoko Korogwe, unapita Muheza, unafika Tanga. Wilaya zile zile, wakulima wale wale. Ongeza na barabara, ambayo kwa sheria ya mwaka 2007 hifadhi yake ilipanuliwa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Wenye nyumba kando ya barabara wanaijua hiyo kwa alama ya X ukutani: ya kijani ina fidia, nyekundu haina.

Kila mstari una sheria yake na mkubwa wake. Mwananchi ana shamba moja tu.

CHUMA NA WAYA HAVIPATANI

Kuna watu watasema: shida iko wapi? Waya uko juu, bomba liko chini, kila kimoja na njia yake. Laiti mambo yangekuwa mepesi hivyo.

Muulize fundi yeyote wa umeme aliyesoma. Waya wa msongo mkubwa ukienda sambamba na bomba refu la chuma, unaamsha umeme ndani ya chuma hicho hata kama havigusani. Fundi anayekwenda kushika valvu ya bomba anaweza kupigwa shoti. Pale ambapo ganda la bomba limechubuka, hata kwa tundu dogo kama la sindano, umeme unatokea hapo na kukila chuma polepole. Na radi ikipiga nguzo, moto wake unaweza kurukia bomba. Dawa ipo na inajulikana: kuweka umbali wa kutosha, kuvukanisha waya na bomba kwa pembe pana badala ya kuvipeleka sambamba, na kuzika nyaya za kupeleka umeme ardhini. Lakini kila dawa ina bei, na bei ndiyo inayoleta ugomvi. Nani alipe, mwenye waya au mwenye bomba? Desturi ya kazi hizi inasema anayekuja nyuma ndiye anayelipa. Lakini miradi ikipangwa kwa wakati mmoja, kila mmoja anadai kuwa alitangulia, na wote wanatembea na barua inayosema "mradi wa kimkakati wa kitaifa".

Na kuna kichekesho ndani yake. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, yakipoa yanaganda. Lazima yasafiri yakiwa na joto la nyuzi zaidi ya 50, na kwa sababu hiyo bomba hili limewekewa mfumo wa kulipasha moto kwa umeme njia nzima. Maana yake bomba haliwezi kuishi bila umeme. Bomba na waya ni mume na mke wasioelewana, lakini talaka haiwezekani. Kama ni hivyo, mbona hawakupelekwa kwa kadhi mmoja tangu mwanzo?

Ugomvi huu si wa kwetu peke yetu. Kule Texas, Marekani, kwenye visima vingi vya mafuta vya bonde la Permian, mamlaka moja inatoa vibali vya visima na nyingine kabisa inaamua nyaya kubwa za umeme zipite wapi. Aprili 2025 hiyo ya umeme ilikubali zijengwe nyaya za kilovoti 765 kwenda huko Permian, kwa sababu visima vyenyewe vinakula umeme mwingi. Lakini mnara wa kuchimbia kisima ni mrefu, hauwezi kusimamishwa chini ya nyaya, na nyaya haziwezi kupita juu ya mahali patakapochimbwa. Wanabishana. Tofauti yao na sisi ni kwamba kule wenye visima wana mawakili, na wenye ranchi pia wana mawakili. Mzee wetu wa Ushongo ana dole gumba.

NANI MSIMAMIZI?

Hapa kwetu tuna wasimamizi wengi kuliko visima. Kisima cha mafuta au gesi kikichimbwa bara, msimamizi ni PURA, iliyoundwa na Sheria ya Petroli ya mwaka 2015. Mafuta yakiingia kwenye bomba, msimamizi ni EWURA, na ndiyo iliyotoa kibali cha kujenga bomba la Chongoleani Februari 2023. Umeme nao uko chini ya EWURA, kwa sheria nyingine, ya mwaka 2008. Ardhi ni ya Wizara ya Ardhi. Mazingira ni NEMC. Barabara ni TANROADS. Ukivuka maji kwenda Pemba unakuta sheria nyingine na msimamizi mwingine wa mafuta, ZPRA. Usidhani Pemba ni mfano wa kubuni: kampuni za BP na Shell zilichimba kisima huko 1962, na 2018 Zanzibar ilitia saini mkataba na RAK Gas ya Ras al-Khaimah kutafuta mafuta tena. Siku kisima kikipatikana, meli zitakuja kutia nanga katika bahari ile ile ambamo umelazwa waya unaoiwashia Pemba taa.

Utasema: kama EWURA inasimamia bomba na umeme pia, basi tatizo limekwisha. Halijakwisha. Mafaili mawili ndani ya kabati moja bado ni mafaili mawili. EWURA inaangalia kama bomba ni salama na kama waya ni salama. Kazi ya kumwambia mzee kwamba ile sehemu iliyopandana italipwa na fulani haimo katika lolote kati ya mafaili hayo. Mthamini analeta daftari la mradi uliomtuma. Ofisa wa ardhi wa wilaya anasema anasubiri maelekezo. Mwenyekiti wa kijiji anasema aliitwa kwenye kikao, akapewa soda, akaambiwa aseme ndiyo.

Hatusemi viongozi hao ni wezi. Tunasema jambo baya zaidi ya wizi, kwa sababu mwizi hukamatwa. Hapa kila mtu ametimiza sheria yake, na mwananchi ameumia. Polisi amkamate nani?

SIKU DAFTARI LINAPOFUNGWA

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye maumivu, na tunakuomba usome taratibu.

Mradi ukija, inatangazwa tarehe ya ukomo. Tangu siku hiyo ukijenga chumba hakihesabiwi, ukipanda mnazi hauhesabiwi. Lengo lake ni kuzuia ujanja wa watu kupanda miche usiku ili walipwe asubuhi. Hilo tunalikubali. Lakini tarehe ya ukomo inamfunga mwananchi mikono, wakati mradi wenyewe haufungwi miguu. Unaweza kukaa mwaka, miaka miwili, mitatu. Kwenye bomba la Chongoleani wananchi wengi walifanyiwa uthamini mwaka 2018 na 2019. Mkataba kati ya serikali na kampuni ulisainiwa Mei 2021. Uamuzi wa mwisho wa kuweka fedha ulitangazwa Februari 2022. Wengi walianza kuona fedha zao baada ya hapo. Waliopitiwa na bomba upande wetu ni karibu watu 9,900. Ni kweli kwamba malipo yaliongezewa kitu kwa ajili ya ucheleweshaji, na tunalisema ili tusionekane tunaficha. Lakini mtu aliyekaa miaka mitatu bila kupanda mnazi amepoteza zaidi ya kile kilichoandikwa kwenye karatasi. Mnazi unachukua miaka kabla ya kutoa dafu la kwanza. Ukichelewa kupanda miaka mitatu, ada ya shule ya mtoto nayo imechelewa miaka mitatu.

Sasa weka mradi wa pili juu ya huo wa kwanza. Tarehe za ukomo ni mbili, uthamini ni mara mbili, masharti ni mawili. Mkuza wa umeme unakataza miti mirefu, kwa sababu itagusa waya. Mkuza wa bomba unakataza miti yenye mizizi mikubwa, kwa sababu itasumbua bomba. Mnazi umekatazwa juu, na mnazi huo huo umekatazwa chini. Mkulima wa pwani apande nini, mchicha?

Na kuna la tatu ambalo halisemwi. Mafundi wakigundua kwamba waya umekaribia mno bomba, wanausogeza kando, labda mita 50. Kwenye karatasi ya fundi hiyo ni milimita chache. Shambani ni nyumba ya mtu mwingine ambaye hakuwahi kuitwa kwenye kikao chochote. Na yule wa kwanza, aliyezuiwa kulima muda wote huo, anaambiwa: "Samahani, mradi haupiti tena kwako." Hapewi fidia, kwa sababu ardhi yake haikutwaliwa. Miaka yake iliyopotea ilitwaliwa na nani?

SHERIA IPO, LAKINI IMELALA

Kuna watu wanadhani mwananchi anaomba hisani. Hapana. Katiba ya nchi, ibara ya 24, inasema mtu ana haki ya kumiliki mali na ni marufuku kumnyang'anya bila fidia inayostahili. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inasema fidia isipolipwa ndani ya miezi sita, riba inaanza kuhesabiwa. Ikipita miaka miwili, uthamini huo umekufa, unafanywa upya. Kanuni za mwaka 2001 zinasema fidia si bei ya mnazi tu. Kuna thamani ya ardhi, kuna maendelezo, kuna posho ya usumbufu, kuna posho ya usafiri, kuna posho ya makazi inayohesabiwa kwa kodi ya miezi 36, na kuna faida iliyopotea kama ulikuwa na biashara.

Ni wazee wangapi kule vijijini wamewahi kusomewa maneno haya? Wanasomewa jumla tu: "Mzee, zako ni kiasi hiki, tia dole hapa." Mzee akiuliza hesabu imetoka wapi, anaambiwa asicheleweshe maendeleo.

Tusisahau tulikotoka. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974 na ikaanza kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004. Bomba lilipita vijiji vya Kilwa na Rufiji likaenda kuwasha taa za mjini, na waliopitiwa wakabaki na vibatari vyao miaka mingi, mpaka ukalazimika kuwekwa mpango maalumu wa kuwapelekea umeme. Mtwara mwaka 2013 wananchi walipouliza gesi inakwenda wapi na wao wanabaki na nini, majibu yakachelewa, ghasia zikazuka, watu wakapoteza maisha. Bomba lilijengwa na likazinduliwa 2015. Lakini wale waliokufa hawakurudi, na swali lao halikuwa la kijinga. Serikali yenye busara hulijibu swali kabla halijageuka kuwa moshi.

WASITUSINGIZIE

Najua watakachosema. Watasema gazeti hili la wapinzani linapinga maendeleo, linatumiwa na wazungu wasiotaka Afrika ichimbe mafuta yake. Wimbo huo tumeuzoea.

Tunasema wazi, umeme tunautaka. Kijana wa Ushongo akipata umeme wa uhakika atafungua karakana ya kuchomelea na chumba cha barafu kwa ajili ya samaki, wasiozee mikononi mwa wavuvi na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Bandari ya Tanga nayo ikifufuka tutafurahi, maana vijana wa Tanga wamekaa vijiweni tangu mkonge ulipoanguka na viwanda vikafungwa. Mafuta yakipita Chongoleani na kodi ikaingia hazina, vizuri. Mafuta yaliahidiwa 2025, yakasogezwa 2026, na sisi hatumwombei mtu mabaya.

Tunachokataa ni kitu kimoja: kwamba wakubwa wawili wakigongana, anayeumia awe mtu wa tatu ambaye hakuwapo mezani. Wazee wetu walisema wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Sisi tunaongeza kwamba hapa tembo hawapigani hata kidogo. Wanapeana mikono, na nyasi zinaumia vile vile.

TUNATAKA HAYA

Kwanza, iwekwe meza moja. Kabla mthamini yeyote hajakanyaga shamba, mikuza yote inayotarajiwa katika kata hiyo, ya umeme, ya bomba na ya barabara, ichorwe kwenye ramani moja na ibandikwe ofisi ya kijiji. Kwa Kiswahili, si kwa lugha ya mafundi.

Pili, mikuza ikipandana, anayetangulia kuingia alipe sehemu yote. Baadaye wadaiane wenyewe huko Dodoma. Wao wana wahasibu, mzee hana.

Tatu, riba ya baada ya miezi sita ilipwe bila mwananchi kuiomba. Anayeidai haki yake asionekane mkorofi.

Nne, mradi ukihama, yule aliyezuiwa kulima apewe barua ya kufunguliwa na alipwe kwa misimu aliyopoteza. Kama sheria ya sasa haina kifungu hicho, wabunge wana kazi ya kufanya badala ya kupiga makofi.

Tano, kijiji kinachopitiwa na waya au bomba kiwe cha kwanza kuunganishiwa umeme. Bei ya kuunganishwa vijijini imewekwa shilingi 27,000. Serikali haiwezi kushindwa kumlipia mtu aliyetoa shamba lake.

Haya si mambo ya kuhitaji fedha za wafadhili. Yanahitaji wakubwa wakae chumba kimoja kwa siku moja.

NA WEWE JE?

Sasa turudi kwako, kijana wa mjini. Ni rahisi kusoma tahariri hii, kutikisa kichwa, kusema "nchi imeoza hii", kisha ukageukia ukurasa wa mpira. Kama ni hivyo, hatuna tofauti na wale tunaowalaumu.

Wewe ulifika Kidato cha Nne. Huenda ulipata sifuri kama wengine wengi, lakini kusoma unajua. Baba yako aliuza mbuzi ili ujue kusoma, na siku ya kumlipa ni hii. Nauli ya kwenda nyumbani ni ndogo kuliko hasara ya kutokwenda. Nenda. Muulize kama kuna watu wamekuja kupima. Omba uione karatasi yenyewe, usiridhike na masimulizi. Angalia tarehe ya uthamini uhesabu miezi. Hesabu minazi yenu mwenyewe, mti kwa mti, upige picha kwa simu hiyo hiyo unayoangalizia mpira. Angalia kama posho zote zimo. Kama kuna karatasi mbili za miradi miwili, ziweke pamoja, na barua ya kuuliza nani analipa sehemu iliyopandana iandikwe kwa mkono wako. Ipelekwe kwa mtendaji wa kijiji na kwa ofisa ardhi wa wilaya, na nakala irudi na muhuri wa kupokelewa. Barua yenye muhuri haikanushiki kama maneno ya mdomo.

Wala usiende na hasira. Usiende na panga wala jiwe. Wakubwa hupenda sana tukirusha mawe, maana hapo wanapata jibu rahisi. Nenda na kalamu na sheria mkononi. Na mkutano mkuu wa kijiji ukiitwa, hudhuria, unyanyue mkono, uulize mbele ya watu wote ili jibu liandikwe kwenye muhtasari.

Tulipoondoka Ushongo, yule mzee alitusindikiza mpaka njia panda. Hakuomba fedha. Aliomba kitu kimoja, kwamba mjukuu wake aliyeko Dar es Salaam, ambaye anaamini kuwa analisoma gazeti hili, arudi amsomee zile karatasi mbili kabla hajatia dole kwa mara ya tatu.

Hatujui mjukuu huyo ni nani. Lakini kama ni wewe, basi babu yako anakusubiri.